Waifai Yenye Jina la Ng'ombe wa Mama

Paswadi ya waifai ya nyumbani kwetu ni jina la ng'ombe wa marehemu mama. Silitaji hapa, na si kwa sababu ni siri. Ukitaka kulijua, fika nje kidogo ya Sosiot, usimame kwenye kituo cha kununua chai kilicho mbele ya lango letu, umuulize mtu yeyote aliyebeba kikapu mgongoni. Atakuambia, na ukikosea herufi atakuandikia mwenyewe. Mama alimwita ng'ombe yule kila jioni kwa zaidi ya miaka kumi, akiwa amesimama juu ya mteremko, na sauti aliyojaliwa ilikuwa ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Kijiji kizima kilishika jina hilo kabla hata ya nguzo za faiba kufika kwetu.

Nilirudi nyumbani kumzika mama, nikaomba likizo ya wiki mbili, na ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi Nairobi ikaona kwamba wiki mbili zilipita vizuri tu bila mimi. Sikulia sana kwa ajili ya kazi hiyo. Nililia kwa sababu ya Baba. Alikuwa amezoea kuzungumza kupitia kwa mama, kama mtu aliye na mkalimani, na sasa mkalimani hayupo. Asubuhi alikamua, akapeleka maziwa, akachuna chai yake mistari miwili mitatu, akarudi kukaa barazani akitazama lango. Wageni wa matanga walikwisha kutawanyika. Nikimuuliza kitu, ananijibu kwa neno moja. Yule ng'ombe wa mama pia hakuwapo, aliuzwa mama alipolazwa, na nadhani Baba aliuhesabu msiba huo kuwa wa pili, ingawa hakusema.

Nikatafuta kazi ambayo ningeifanya nikiwa pale pale. Nikapata ya kuwafundisha wageni wa nchi za nje Kiswahili kupitia kwenye kompyuta, uso kwa uso. Nilipomwambia Baba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona meno yake.

"Wewe? Ufundishe mzungu Kiswahili? Kiswahili gani, hii ya Sosiot?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Baba."

"Basi watapata shida hao watu."

Alikuwa na haki ya kucheka. Mimi Mkipsigis, ulimi wangu huteleza kati ya b na p nikichoka, na kwetu tunasema maziwa imeisha, chai imepoa, watoto imelala, na hakuna anayekufa. Lakini nilisomea lugha hii, naipenda, na nikiamua kuisema sawasawa naisema. Tatizo halikuwa Kiswahili. Tatizo lilikuwa kwamba nyumba yetu iko bondeni, na simu kwetu ilishika mtandao ukisimama karibu na choo tu. Huwezi kufundisha ngeli za nomino ukiwa umesimama karibu na choo.

Kwa hiyo nguzo zilipoanza kupandwa kando ya barabara ya kiwandani, nilikuwa mtu wa kwanza upande wetu kuomba kuunganishiwa. Mafundi wakaja wawili na ngazi yao. Baba akawapa mursik kabla hawajashuka kwenye pikipiki, yale maziwa yetu ya kulala kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, na wakafanya kazi na masharubu ya kijivu. Mmoja wao alinieleza habari za kifurushi. Megabiti kumi na tano, akasema, zinatosha nyumba yenu. Haina kikomo. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mkipita gigabaiti mia tatu kwa mwezi haikatiki, inapunguzwa tu mpaka mwezi uishe.

"Inapunguzwa vipi?" Baba akauliza.

"Inatembea polepole, Mzee. Megabiti moja."

"Kama mimi," Baba akasema. Wote tukacheka, na nikaenda jikoni kutafuta vikombe bila kuyatia maneno yale akilini. Mia tatu ilinisikikia kama bahari. Niliporudi, fundi alikuwa ameuliza paswadi, na Baba alikuwa amekwisha kumtajia jina la ng'ombe. Niliona midomo yake ikilitamka, taratibu, silabi kwa silabi, ili kijana wa watu asikosee. Sikuwa na moyo wa kusema tuchague lingine.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Mgeni akiingia kwetu haulizwi kama anataka maziwa. Anapewa. Mama hakuwahi kumuuliza mtu. Alikuwa akiona kivuli langoni anainuka. Lakini kulikuwa na miezi ambayo ng'ombe walikuwa wamekauka, na kibuyu kina kidogo tu, na majirani walijua, kwa sababu kila mtu anajua hali ya ng'ombe wa kila mtu. Miezi hiyo walipokuja kusalimia, walisema wakiwa bado mlangoni, kabla hajainuka: "Sisi tumeshiba." Walikuwa wametoka shambani midomo imewakauka, lakini walisema wameshiba, ili asilazimike kuwanyima. Na mama aliwasikia, akainuka hata hivyo, akampa kila mmoja nusu kikombe. Nikiwa mdogo niliona ni mchezo wa watu wazima usio na maana. Kila mtu anadanganya na kila mtu anajua.

Wiki ya kwanza ya waifai, alikuja jirani yetu wa karibu, mama mmoja ambaye familia yake ilihamia huku kutoka upande wa Kisii miaka mingi iliyopita, wakafanya kazi kwenye mashamba makubwa kabla ya kununua kipande chao. Alikuwa rafiki wa mama kuliko wote. Binti yake amekwenda Saudi, anafanya kazi za nyumbani kwa watu, na siku yake ya kupumzika ni Ijumaa. Ijumaa saa kumi jioni anapewa simu yake. Mama jirani alikuwa akipanda mpaka shuleni, huku na huku, kutafuta mahali pa kumwona mtoto wake bila picha kukatika, na akimpata ni pua tu, au paji la uso. Baba akamwambia kaa hapa. Akamtajia paswadi.

"Hiyo najua," mama jirani akasema, akacheka, halafu akafunika mdomo kwa leso.

Siku hiyo alimwona binti yake mzima, mpaka viatu. Alipiga kelele hata ng'ombe wakageuka.

Baada yake wakaja wengine. Kituo cha chai kiko hatua thelathini kutoka kwetu. Wachunaji huleta majani yao kuanzia saa tisa, na lori la kiwanda huja linapotaka, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Zamani walikuwa wakingoja wamekaa kwenye nyasi. Sasa walikuwa wakingoja barazani kwetu. Baba aliongeza benchi, kisha ubao juu ya matofali. Walitazama mpira, mahubiri, vichekesho, bei za ndama, arusi za watu wasiowajua. Na katikati ya hayo yote Baba alikuwa akizungumza. Nilimsikia kutoka chumbani mwangu akisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, ya jinsi alivyokimbia shule kwenda kuchunga, ya jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza amebeba maji na hakumsalimia kwa woga. Nilikuwa nikiacha kusahihisha mazoezi ya wanafunzi ili nisikilize. Nilifurahi, sitadanganya. Nilijiambia faiba imemponya baba yangu.

Kazi yangu yenyewe ilikuwa ya majaribio ya mwezi mmoja. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke wa Pwani, Kiswahili chake kimenyooka hata unaona haya kupumua mbele yake. Alikuwa ametuambia masharti waziwazi: somo likikatika kwa ajili ya mtandao, ni onyo. Likikatika mara ya pili, tunaagana kwa heshima. Na mwisho wa mwezi ataketi katika somo moja kimya, aangalie. Nikifaulu, mkataba. Nikishindwa, nilijua la kufanya, maana rafiki yangu wa Nairobi alikuwa ameniwekea nafasi ya kazi dukani kwake na kitanda chumbani kwake. Ningeondoka Jumatatu. Baba angebaki na ng'ombe wawili na lango la kutazama.

Hayo yote sikumwambia. Alipouliza kazi inaendaje, nilisema iko sawa. Nilidhani ninamhurumia.

Tarehe kumi na tisa, saa kumi na robo, mwanafunzi wangu aliganda. Alikuwa daktari mstaafu, mtu mpole, na aliganda mdomo wazi katikati ya neno "ng'ambo", ambalo tulikuwa tumelihangaikia wiki nzima. Nikamwita, kimya. Nikazima, nikawasha, kimya. Alipokuja kutokea tena dakika ishirini zilikuwa zimepita, na ujumbe wa msimamizi ulikuwa umeshanifikia, mfupi na wenye adabu. Hilo ni onyo.

Mimi nina hasira za karibu. Nilipiga simu kwa kampuni na kumfokea msichana aliyepokea, nikamwambia wanauza hewa, wanatuona sisi wa mashambani ni wajinga, waya wao umeoza. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole ulioniudhi zaidi, "Waya uko sawa, madam. Mmemaliza kiwango cha mwezi. Kuhamia kifurushi kikubwa mnaweza, lakini kitaanza tarehe moja." Akanielekeza jinsi ya kufungua ukurasa wa ruta nione ni vifaa vingapi vimeunganishwa. Nikafungua. Nilitarajia viwili. Vilikuwa ishirini na sita. Simu zina majina watu waliyozipa: moja iliitwa Usiguse, moja Mtumishi wa Bwana, moja Simu ya Shemeji, moja Baba Yao. Nikainuka nikachungulia dirishani, na wenye majina hayo walikuwa wote pale, vichwa vimeinama, vikapu miguuni, wakila megabiti yangu moja iliyobaki.

Nilingoja lori libebe majani, waondoke. Kisha nikatoka.

"Baba, umempa nani paswadi?"

"Watu."

"Watu gani?"

Akafikiri. "Wenye kuja."

"Hiyo kitu ina mwisho! Ukigawa inaisha! Unagawa mtandao kama maziwa!"

Alinitazama kama mtu asiyeona kosa liko wapi. "Kwani maziwa tulinyima nani?"

Mtu mwenye hasira hufanya upuuzi. Niliingia ndani, nikabadilisha paswadi. Niliweka herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama ya mshangao, kitu ambacho hata mimi ilibidi nikiandike kwenye karatasi. Sikumwambia Baba. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Kesho yake na siku zilizofuata masomo yangu yalitembea. Megabiti moja, ukiwa peke yako, inabeba mtu mmoja mwenye picha ya ukungu kidogo. Daktari wangu akasema "ng'ambo" mpaka mwisho. Kwa upande wa kazi, nilikuwa nimetatua.

Ila dirisha langu linatazama barazani. Siku ya kwanza wachunaji walikuja, wakatoa simu, wakakunja nyuso. "Mzee, inakataa." Baba akawaambia wajaribu tena. Akawatajia jina polepole, silabi kwa silabi. Inakataa. Labda umeweka herufi kubwa, akasema, weka ndogo. Inakataa. Akaenda mwenyewe akagusa waya ukutani kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu waliokuja walikuwa wachache, kwa sababu mtu hapendi kumwaibisha mwenye nyumba. Ijumaa ikaja, nikawa nimesahau kwamba ni Ijumaa, na mama jirani akafika saa kumi kasorobo amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, akaketi, akajaribu, akajaribu, kisha akainuka kimya akaupanda mlima kwenda shuleni. Nilimwona mgongo akienda. Nilikuwa kwenye somo, nikaendelea kueleza viambishi.

Wiki iliyofuata baraza lilikuwa tupu. Somo la kuangaliwa lilikuwa limepangwa Ijumaa saa kumi. Alhamisi alasiri nilisikia sauti ya Baba, nikadhani amepata mgeni. Nikasogea dirishani. Alikuwa na mzee mmoja tu, mwenzake wa rika, ambaye amenunuliwa simu na watoto wake na hajui kuitumia. Baba alikuwa amemshikia simu ile mbali na macho, anabonyeza kwa kidole kimoja, na kila akibonyeza anataja jina la ng'ombe wa mama. Inakataa. Anaanza upya. Analitaja tena. Mara ya tatu aliinua sauti, sijui kwa nini, labda kwa hasira, na lilitoka kama mama alivyokuwa akiliita kutoka juu ya mteremko.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimefunga lango la mzee huyu na kumwacha nje yeye mwenyewe, akibisha na jina la pekee alilokuwa nalo. Niliona haya hata nikahisi joto masikioni.

Mgeni alipoondoka nilikwenda kuketi karibu naye kwenye benchi, nikamwambia yote. Kwamba ni mimi niliyebadilisha. Kwamba kazi ilikuwa ya majaribio. Kwamba kesho saa kumi ndiyo siku, na megabiti iliyobaki ni moja, inabeba mtu mmoja, na ikikatika basi Jumatatu nitarudi Nairobi.

Aliacha kutazama lango, akanigeukia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Sasa mimi nikae hapa bila wasiwasi na wewe uko Nairobi?" Akapangusa magoti kwa viganja, ishara yake ya kuinuka, lakini hakuinuka. "Rudisha jina la ng'ombe."

"Nitarudisha Jumamosi, Baba. Kesho ikipita."

"Rudisha leo."

"Lakini wakija kesho—"

"Watu hawafungiwi. Rudisha. Mambo ya kesho niachie mimi."

Nilirudisha. Sitajifanya nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Niliandika herufi zile huku nimeuma meno, nikiwaza kwamba nimempa nafasi ya kuchagua kati yangu na watu wa barazani, na amechagua. Na mbaya zaidi, nilimwelewa. Wao wangekuwapo kila siku saa kumi. Mimi nilikuwa nimeshawahi kuondoka.

Ijumaa asubuhi alikwenda kupeleka maziwa na hakurudi kwa wakati wake. Mchana nilimwona ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha chai, amesimama katikati ya watu, kofia mkononi. Baba yangu havui kofia hovyo. Huvua kanisani na makaburini. Sikujua anasema nini, na sikuwa na nafasi ya kujua, maana nilikuwa nikipanga somo.

Saa kumi kasoro dakika tano nilisikia hatua barazani. Nyingi. Nilisikia vikapu vikitua, benchi likilia, mtu akikohoa. Nikafungua kompyuta nikiwa nimeshakata tamaa. Nilijiambia nitafundisha vizuri mpaka pale itakapokatika, angalau msimamizi aone kwamba si mimi, ni mtandao. Uso wa daktari ukatokea. Kwenye kona, kisanduku cheusi cha msimamizi, kamera yake imezimwa, yupo anasikiliza.

Dakika tano. Nilikuwa nikingoja mdomo wake ugande. Dakika kumi. Tulikuwa kwenye upatanisho wa ngeli, na nilimsikia akisema, "Maziwa yamekwisha, si imekwisha," na kucheka mwenyewe kwa furaha. Dakika ishirini. Picha ilikuwa ya ukungu lakini haikusimama. Nilianza kusahau kuogopa. Nikamwambia kuhusu chai, jinsi tunavyochuna majani mawili na kichipukizi, akauliza maswali, akakosea, nikamsahihisha, akanisahihisha mimi mara moja kwenye b na p, na ilipofika saa kumi na moja nilikuwa nafundisha kama mtu aliyesahau kwamba anapimwa.

Daktari alipoaga, kile kisanduku cheusi kikawaka. Msimamizi wetu akatokea, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akatabasamu. "Mwalimu, hongera. Mkataba nitakutumia Jumatatu." Kisha akaongeza, "Kuna utulivu sana hapo kwako. Unaishi peke yako?"

Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikusikia sauti yoyote kutoka barazani kwa saa nzima.

Nilifungua mlango. Baraza lilikuwa limejaa. Benchi limejaa, ubao umejaa, wengine wameketi kwenye ngazi mpaka chini uani. Wote wakanitazama, na hakuna aliyekuwa na simu mkononi. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na kati ya miguu yake kulikuwa na kikapu cha kuchunia chai, kile cha mama, na ndani ya kikapu simu zao zote, zimezimwa, zimelaliana kama majani. Usiguse ilikuwamo. Mtumishi wa Bwana alikuwamo. Walikuwa wameketi hivyo saa nzima, hata kunong'ona hawakunong'ona, watu waliotoka kuchuna tangu alfajiri.

"Imefika mwisho?" Baba akauliza.

"Imefika, Baba. Nimepata kazi."

Ukapita mguno wa furaha barazani, "kongoi, kongoi," asante ya kwetu, na mtu mmoja akapiga makofi bila sauti, akisahau kwamba saa ya kunyamaza ilikuwa imekwisha. Nilianza kuwaambia wachukue simu zao, nikawaambia samahani, nikawaambia asanteni, nikachanganya Kiswahili na Kikipsigis na kulia, yote kwa wakati mmoja. Na ndipo nilipomwona mama jirani. Alikuwa mwisho wa benchi, amevaa kile kitambaa chake kizuri. Ilikuwa Ijumaa. Saa ya binti yake ilianza saa kumi.

"Mama," nikasema, "na simu yako?"

Akaonyesha kikapu kwa kidevu.

"Lakini atakuwa amepiga! Chukua, chukua upesi!"

"Wacha, mwanangu," akasema, akatikisa mkono kama mtu anayekataa kikombe. "Leo sisi tumeshiba."

Wenzake wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, wakitazama miguu yao. Tumeshiba. Tumeshiba.

Niliingiza mkono ndani ya kikapu nikaitafuta simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaiwasha, nikamshika mama jirani mkono, nikamwingiza chumbani mwangu na kumketisha kwenye kiti changu, mbele ya meza yangu. Kulikuwa na megabiti moja, ya mtu mmoja. Simu iliita mara mbili tu. Barazani hakuna aliyegusa kikapu. Walikaa vile vile mikono mitupu, wakamsikiliza akipiga kelele kwa Kigusii, akicheka, akimwambia binti yake asimame aone kama amekonda.

Niliketi kwenye ngazi karibu na kiti cha Baba. Hakunitazama. Alikuwa akitazama lango, kama kawaida yake.

"Kwa hivyo hiyo Nairobi?" akauliza.

"Siendi."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta kofia ikaja juu ya macho.

"Basi inuka, lete maziwa," akasema. "Hawa watu hawajakunywa kitu tangu saa tisa."

Nikainuka. Kibuyu kilikuwa na kidogo, na watu walikuwa wengi, kwa hiyo kila mmoja alipata nusu kikombe.